Samaki Mwenye Kope

Luanda Kotieno
21 Januari 2024

Kwa mpwa wangu Frankline,

Pokea salamu za mkono wenye rangi. Nimetoka kumaliza mashua ya Shitanda sasa hivi, na ukiona alama ya kidole cha samawati pembeni mwa karatasi usidhani ni uchafu. Hiyo ni sahihi yangu. Kuna watu wangeikata wakaiweka kwa fremu.

Sisi ni wazima. Goti la Mama Akinyi limetulia tangu mvua ikatike. Akinyi mwenyewe amejifungua mvulana huko Mbita, na kila aliyekwenda kumwona anasema pua ni yangu. Mimi sijasema kitu, ni wao wanasema.

Utauliza kwa nini naandika barua kama watu wa zamani. Simu iliniponyoka nikiwa nimesimama ndani ya maji nikipaka rangi, na kabla sijainama, mbuta akaimeza. Usicheke. Kesho yake samaki yule alivuliwa, akaletwa hapa kupimwa, na alipowekwa kwenye mizani akaanza kulia. Aliyekuwa akipiga ni pasta. Nabwire, huyu mama anayepeleka samaki Kisumu, alikuwepo. Muulize akikupa barua hii. Akikataa, ni kwa sababu ndiye aliyemuuza huyo samaki na simu yangu tumboni.

Sasa neno lenyewe. Mama yako Dorca alikuja Krismasi kutoka Awasi. Tukiwa tunakula, mbele ya wageni, akasema, "Frankline sasa ni msanii. Anachora kitabu cha watoto, kitasomwa Kenya nzima." Nikamuuliza, "Na mimi?" Akasema, "Wewe ni fundi, kaka yangu." Fundi! Kama mtu wa kuziba baiskeli. Wageni wakacheka. Mimi pia nilicheka, tena nikacheka kuwashinda.

Siandiki kwa wivu. Mtu anayejulikana kutoka Usenge mpaka Homa Bay amwonee nani wivu? Nakukumbusha tu ulishika brashi mara ya kwanza wapi. Ulikuwa ukija likizo, unakaa juu ya mkebe wa rangi, unanitazama nikimchora Jaber. Kila mashua inayotoka ufuo huu inaye Jaber pale mbele, samaki mwenye kope ndefu kama za bibi arusi. Ufuo mwingine hayuko. Wamejaribu kuiga, wakatoa kambare aliyeshtuka.

Na unajua nilivyompata, ila wacha nirudie kwa sababu wasanii ni watu wa kusahau. Nilikuwa peke yangu katikati ya maji, upande wa Mbita, akaibuka. Mkubwa kama mlango wa kanisa. Akanitazama vizuri, halafu akanikonyeza. Sasa niambie wewe uliyesoma, samaki asiye na kope atakonyeza na nini?

Niandikie hicho kitabu kina nini ndani. Ila usiandike kwa majigambo, familia yetu haina tabia hiyo.

Mimi mjomba wako,
Oyugi (fundi, kama mama yako anavyosema)


Nyamasaria, Kisumu
18 Februari 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Barua yako ilifika ikinuka dagaa wa omena, nikajua ni yako kabla ya kuifungua. Nabwire anasema hamjui huyo mbuta, lakini alisema akiangalia pembeni.

Hongera kwa mjukuu. Mpe Mama Akinyi pole ya goti. Mama yuko salama, anasema alikutania tu na kwamba wewe ndiye uliyemaliza kuku siku hiyo, kwa hiyo hukuumia sana. Mimi nimehamia chumba chenye dirisha kubwa. Mwanga ni mzuri, ubaya ni jirani mwenye kinu cha posho. Kikianza kusaga, meza yangu hutetemeka, basi mistari mirefu yote naichora kabla hajafungua.

Umeuliza kuhusu kitabu. Kinaitwa Samaki Asiyetaka Kulala. Maneno aliandika mwalimu mmoja wa Nairobi, zangu ni picha tu. Nasoma maneno hayo mpaka yanichoshe. Halafu nachora vipicha vidogo kama stempu, kitabu kizima kwenye karatasi moja, nione jicho la mtoto litaanzia wapi na maneno yatakaa wapi. Navituma Nairobi kwa Neha, mhariri wangu. Navyo hurudi. "Mama samaki asimame kushoto." Nikimweka kushoto, "Tulivyoona sasa, kulia kulikuwa bora."

Watu hudhani mchoraji asiyeajiriwa hana bosi. Nina mabosi wengi kuliko tarishi. Katikati ya kitabu nachora kadi za harusi, na bango la zahanati la kunawa mikono, ambalo lilirudishwa kwa sababu eti mikono niliyochora inaonekana ya watu matajiri.

Samaki mwenyewe ndiye aliyenitesa. Nimemchora ngege, nimemchora mbuta, nimemchora akiwa na kofia. Neha hujibu maneno yaleyale: "Huyu ni samaki wa kuliwa. Nataka samaki wa kuongea naye." Wewe huchori kitu mara mbili. Unasimama mbele ya mashua, unakohoa, unaanza, na hakuna wa kukuambia sogeza jicho. Hapo nakuonea wivu, na najua utamsomea Mama Akinyi sentensi hii kwa sauti.

Mwishowe Neha alimpenda samaki mmoja. Utamwona kitabu kikitoka. Siwezi kusema zaidi, mkataba hauruhusu.

Wako,
Frankline


Luanda Kotieno
2 Juni 2024

Kwa Frankline,

Salamu. Tuko wazima, isipokuwa mimi.

Uvuvi wa omena umefungwa mpaka mwisho wa Julai, kwa hiyo mashua zimelala nchi kavu na kila mwenye mashua ananitafuta. Huu ndio msimu wangu. Akinyi amemleta mjukuu kwetu. Ameota jino, na alimuuma pasta siku ya kubarikiwa, hilo pia wanasema ametoa kwangu.

Juma lililopita Mwalimu Valarie wa chekechea alileta watoto wake ufuoni waone mashua. Mimi nilikuwa juu ya mashua ya Obonyo, nimefika kwenye kope, mahali ambapo mtu haruhusiwi hata kupumua. Nikasikia mtoto: "Mwalimu, ona! Huyu mzee ameiba samaki wa kitabu!" Wote wakaanza kuimba, "Ameiba! Ameiba!" Nikageuka kuwatisha kidogo. Mwalimu ameshika kitabu, ameona haya. Akafungua ukurasa akaniinulia.

Frankline. Jaber wangu alikuwa amelala kwenye mto wenye maua.

Mwalimu Valarie ni mtu wa adabu. Aliangalia kitabu, akaangalia mashua, akaniambia kwa upole, "Mzee, umeiga vizuri sana."

Nimeiga!

Nikamwambia huyo aliyechora ni mpwa wangu, ni mimi niliyemfundisha. Akasema, "Ndiyo, Mzee," vile mtu anavyomwambia mgonjwa. Na haikuishia hapo. Shitanda alikuwa amesimama akisikia yote. Jioni akaja na hicho kitabu, amekiazima. "Fundi, kumbe unatoa kwa vitabu? Basi nifutie wangu, unichoree kama huyu wa ukurasa wa mwisho, aliyefumba macho. Huyu ana utulivu." Nikamwambia samaki aliyefumba macho mbele ya mashua ataigongesha mwambani. Akasema ni mashua yake.

Basi nilikaa na kitabu magotini, watu wakipita, nikiiga samaki wangu mwenyewe. Na wewe umemnyoosha shingo. Samaki hana shingo.

Sina hasira. Nimetafuta jina langu humo ndani, mbele na nyuma, mpaka kule kwa wenye mashine ya kuchapa. Mama Akinyi alinisaidia kutafuta kwa miwani.

Oyugi


Nyamasaria, Kisumu
23 Juni 2024

Nera, mjomba wangu,

Nawasalimu wote, na jino la mjukuu nalisalimu pia. Kazi hapa ni kidogo msimu huu, harusi zimepungua. Mama alipata malaria ila amepona.

Nilimchukua Jaber. Sikuomba. Wacha nikueleze ilivyokuwa.

Neha alikuwa amekataa samaki wa mwisho niliyekuwa naye kichwani. Siku hiyo kinu cha jirani kilikuwa kimeharibika, na kwa mara ya kwanza meza ilikuwa imetulia. Nikaacha kufikiri. Mkono ukaanza wenyewe kwa jicho, kama wewe unavyoanza, ukavuta kope kutoka ndani kwenda nje, na nilipotazama, huyu hapa. Nilijua ni nani. Nilimtuma hivyo hivyo. Neha alijibu neno moja: "Huyu!"

Neno hilo nililingoja tangu nianze kazi hii, Nera, na lilipokuja lilikuwa lako. Unadhani nilifurahi? Nilifurahi nusu.

Lakini usiniite mwizi. Wewe ndiye uliyenilea na jambo hili. Nilipokuwa mdogo nilimkamata jogoo wako mwekundu mchana kweupe, wazee wamekaa. Ulitaka kufoka, wakakunyamazisha: "Mwache, huyo ni okewo." Mtoto wa dada, kwa mjomba wake haibi. Anachukua. Ulinichinjia jogoo huyo wewe mwenyewe, ukinung'unika.

Shingo nilimwekea kwa sababu alihitaji kulaza kichwa kwenye mto.

Frankline


Nyamasaria, Kisumu
21 Julai 2024

Nera,

Nabwire anasema barua yangu alikukabidhi mkononi, ukaiweka ndani ya kofia. Sijapata jibu. Natumaini wote ni wazima.

Nimeingia matatani. Abiria mmoja wa feri alipiga picha za mashua hapo Luanda, akaziweka mtandaoni kando ya kurasa za kitabu, akaandika: "Mchoraji wa Kisumu amewaibia wavuvi." Watu wengi wameiona. Neha alinipigia. Mkataba unasema picha zote ni za ubunifu wangu mwenyewe, na mimi nilitia sahihi.

Kilichokuwa kinakuja ni vitabu vingine vya samaki huyuhuyu, mfululizo mzima. Ni kazi ya kunifanya niache kadi za harusi. Sasa imesimamishwa. Isipotatuliwa, anapewa Khaemba, mchoraji mmoja wa Nairobi. Huyo Khaemba namjua. Kila kazi ninayoomba namkuta ameshaketi.

Neha aliniuliza, "Huyo mzee alimtoa wapi samaki?" Nikamweleza ulivyomwona upande wa Mbita, akakukonyeza. Alicheka sana. Halafu akasema jambo la maana: kama samaki huyo yupo ziwani, hana mwenyewe. Kila mtu anaweza kumchora, wewe ulimchora, mimi nilimchora, kesi imekwisha. Lakini kama ulimtunga, basi ni wako, na mimi nimechukua mali ya mtu.

Kwa hiyo nakuomba mistari miwili tu yenye sahihi: kwamba ulimwona kwa macho yako. Umesema hivyo kila mwaka tangu nizaliwe. Sasa andika.

Tafadhali ifike kabla Agosti haijaisha.

Frankline


Luanda Kotieno
4 Agosti 2024

Kwa Frankline,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Omena wamefunguliwa na ufuo umejaa mpaka mbwa hawana pa kulala. Mjukuu ametambaa. Alitambaa kutoka mlangoni mpaka kwenye rangi nyekundu, na sasa yuko na mkono mmoja mwekundu, haitoki, tumemwacha. Pasta amenunua mashua na anataka iandikwe mstari wa Zaburi mrefu kuliko mashua yenyewe. Nimemwambia achague, ama apunguze maneno ama aongeze mbao. Goti la Mama Akinyi limerudi. Juzi upepo ulichukua bati la kibanda cha mizani ukalirusha mpaka ng'ambo, na wenye kibanda kule walidhani ni msaada wa serikali.

Kuhusu ile nyingine, mkono unaniuma.

Oyugi

Tena: Huyo Khaemba ni mtu wa aina gani? Samaki anajua kuchora?


Nyamasaria, Kisumu
18 Agosti 2024

Nera,

Salamu kwa Mama Akinyi.

Mkono unaouma umejaza karatasi pande zote mbili kuhusu bati.

Najua unachofanya. Ukiandika kwamba ulimwona, hutakuwa umemtunga, na huwezi kuvumilia hilo. Ukiandika kwamba ulimtunga, ufuo mzima utajua hukumwona. Basi unanyamaza, na kazi yangu inaenda.

Umeuliza kuhusu Khaemba. Neha amemwomba alete samaki wa majaribio, naye ameleta. Nimemwona. Ana kope. Khaemba anasema alimtoa kwenye zile picha za mashua zenu mtandaoni, na kwamba kama mzee mwenyewe anasema samaki yupo ziwani, basi ni wa kila mtu, yeye akiwemo. Na Nera, nikuambie kweli, amemchora vizuri. Nimekaa siku nzima nikitafuta kasoro kwenye jicho na sikuipata.

Bado naitaka ile mistari miwili. Afadhali nishindane na Khaemba kuliko kuitwa mwizi. Usipotaka, sema hutaki, nitafute kazi nyingine.

Frankline


Luanda Kotieno
25 Agosti 2024

Kwa Frankline,

Hii sikumsubiri Nabwire, nimeipa dereva wa lori la samaki na nimemwambia akiipoteza nitaandika jina lake vibaya kwenye lori. Sisi ni wazima.

Barua yako nilimsomea Mama Akinyi. Tulipofika kwa Khaemba nilisimama. "Khaemba nani?" nikasema. "Mjomba wake ni nani? Amewahi kukanyaga hapa? Amewahi kukaa juu ya mkebe wangu?" Mama Akinyi akasema, "Sasa unamfokea nani, mimi ndiye Khaemba?"

Mpe huyo mama wa Nairobi karatasi hii. Nimeiandika kwa kalamu nyeusi kama ya korti.

"Kwa Bibi Neha. Mimi ni Oyugi, mchoraji wa mashua, Luanda Kotieno. Unataka kujua kama samaki huyu nilimwona. Sikumwona. Ziwa hili nalijua lote na hakuna samaki kama huyo ndani. Mungu aliumba ngege, akaumba mbuta, akaumba kamongo, hapo akapumzika. Kope hakuzifikiria. Mimi ndiye niliyezifikiria, nimesimama kwenye mchanga, tumbo likiwa na njaa. Kwa hiyo huyu samaki si wa kila mtu. Ni wangu, hata ziwa halina haki naye.

"Frankline ni mtoto wa dada yangu Dorca. Kwetu tunamwita okewo. Okewo akiingia kwa mjomba anachukua anachokitaka, jogoo au kigoda, na anayemwita mwizi ndiye mwenye aibu. Alimchukua Jaber vile alivyomchukua jogoo wangu mwekundu. Sikufurahi siku ile, sijafurahi hata leo, lakini ni haki yake, alizaliwa nayo. Khaemba hakuzaliwa nayo. Khaemba akiendelea na zile kope, nitakuja huko Nairobi nimuulize mama yake ni dada yangu wa tumbo gani.

"Jina langu liandikwe mahali ambapo mtu analiona bila miwani."

Hiyo ndiyo. Sasa ujue nimefanya nini. Wavuvi huweka Jaber mbele kwa sababu wanaamini nilimwona na akanikonyeza. Hiyo ndiyo bahati yake. Aliyetungwa na mtu mwenye njaa ana bahati gani? Mama Akinyi aliposikia akaniuliza, "Kwa hivyo hata siku ile unanitongoza ulikuwa unatunga?" Nikamwambia karibu yote. Na ameshawaambia wamama wa kanisa, kwa hiyo hata barua hii haijafika Kisumu, ufuo unajua.

Na ile shingo uitoe.

Oyugi


Nyamasaria, Kisumu
29 Septemba 2024

Nera mpendwa,

Nawasalimu, na Mama anawasalimu. Aliposikia kuhusu karatasi yako alicheka mpaka akakaa chini, halafu akanyamaza, halafu akaniambia nisikusimulie kwamba alinyamaza.

Neha aliisoma kwa sauti ofisini. Wakili wao alitaka kubadilisha maneno, Neha akakataa, akasema ibaki na jogoo wake. Aliniuliza tu okewo inaandikwaje. Vitabu vinavyofuata nimepewa mimi. Khaemba ameambiwa aache kope. Amepewa kitabu cha kiboko. Nimemwona kiboko wake, na kwa wivu bado sijakula vizuri.

Toleo la pili limeshachapwa. Mwanzoni kabisa, ukurasa mzima, pameandikwa: Jaber ametungwa na Oyugi wa Luanda Kotieno. Chini yake: Picha za Frankline, mpwa wake. Jina lako liko juu ya langu na ni kubwa zaidi. Neha ndiye aliyepanga hivyo.

Shingo imebaki. Mhariri ameipenda.

Nimeanza kitabu cha pili na samaki hataki kunitii. Nimemchora akila, akiogelea, akilia, na kila mara ananitazama kama mgeni. Nafikiri nije Desemba nikae nawe juma zima, nikutazame ukifanya kazi, nichorechore kidogo ufuoni. Naona nimekauka, na kila kitu kizuri kiko kwako.

Ero kamano, Nera. Asante sana.

Frankline


Luanda Kotieno
13 Oktoba 2024

Kwa mpwa wangu Frankline,

Salamu kutoka kwa jina kubwa. Sisi ni wazima, mjukuu amesimama, goti la Mama Akinyi limezoea.

Toleo la pili Mwalimu Valarie amelipata. Alikuja mwenyewe ufuoni, peke yake bila watoto, akanionyesha ukurasa huo, akasema, "Mzee, samahani." Nikamwambia hakuna neno, nikamwomba ausome tena, nilikuwa sijasikia vizuri kwa sababu ya mawimbi. Ziwa lilikuwa limetulia kama chai kwenye sahani.

Habari nyingine si nzuri hivyo. Obonyo alikuja na kisu cha kukwangulia rangi, akamtoa Jaber kwenye mashua yake bila kuniangalia. "Mimi nilitaka samaki aliyeonekana," alisema. Mashua yake sasa ina kiraka cha mbao pale mbele, na inapotoka asubuhi mimi hugeukia upande mwingine. Wengine wawili wamemfuata. Shitanda yeye amekataa kabisa kuamini karatasi. Anazunguka akiwaambia watu kwamba nilimwona, tena alikuwa mkubwa kuliko mlango wa kanisa, ila watu wa Nairobi wamenishawishi niseme sikumwona ili wamfuge wao. Nimejaribu kumkatalia. Sijajaribu sana.

Sasa kuhusu Desemba. Nimesoma mahali unaposema umekauka na kila kitu kizuri kiko kwangu. Mama Akinyi alisema, "Maskini mtoto." Mimi nikasema, "Tazama vizuri hayo maneno, huyo anakuja kuvuna."

Kwa sababu nimeanza mwingine. Nikikuambia ni mnyama wa majini au wa nchi kavu nitakuwa nimesema mengi. Ameanza kwenye mashua ya pasta, pale nafasi ilipobaki baada ya Zaburi. Hakuna aliyewahi kumwona, na safari hii nawaambia watu wazi kwamba hakuna aliyewahi kumwona, na wanakuja hivyohivyo, wanasimama, wanainamisha kichwa. Hata Obonyo amesimama. Nikimaliza kazi ya siku namfunika kwa turubai na kuweka mawe juu.

Njoo, kwa nini usije, hapa ni kwenu. Utakula samaki mpaka uchoke, utabeba mtoto, jogoo wapo, kamata unayemtaka, sitafoka. Lakini kalamu uiache Nyamasaria.

Mimi mjomba wako,
Oyugi